Afe Punda, Mzigo wa Bwana Ufike?

Iko methali moja tuliyoachiwa na wazee, nayo yasema: Afe punda, mzigo wa bwana ufike. Wengine huitumia kwa kumsifu mtumishi mwenye bidii, na wengine kwa kumlaumu bwana asiyewajali watu wake. Mimi nimeisikia mara nyingi ofisini, karani anaporundikiwa majalada ya watu watatu na kuambiwa kwamba yote yatakiwa kabla ya saa kumi na moja. Yeye huitamka akicheka, nasi hucheka pamoja naye. Lakini katika miaka yote hiyo sikupata kumfikiri punda mwenyewe, yule mwenye masikio marefu na kwato nne, ambaye kifo chake ndicho kilichofanywa mfano. Juma hili nataka kumzungumzia yeye. Sababu yake nitaieleza bila kuficha, ingawa hainiletei sifa.

Mwaka uliopita nilikuwa nikijenga nyumba ya vyumba viwili upande wa Limuru. Fundi alikuwa akingoja, na mawingu yalikuwa yamefunga. Nikanunua mifuko kumi ya saruji, nikakodi mkokoteni wa punda mmoja. Mwenye mkokoteni alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mtu wa maneno machache. Aliitazama mifuko, akamtazama punda wake, akaniambia, "Mkubwa, twende mara mbili. Kile kilima cha mbele ni kibaya."

Nikamwuliza safari ya pili ni pesa ngapi. Akasema ni shilingi mia tatu, sawa na ya kwanza. Nikamjibu kwamba wenziwe hubeba mifuko kumi na miwili bila kunung'unika, na kwamba kama yeye hawezi nitamtafuta mwingine. Maneno hayo yalikuwa ya uongo, kwa maana sikuwa nimehesabu mifuko ya mtu ye yote. Lakini kijana alikuwa hajapata kazi tangu asubuhi, nami nilijua hivyo. Akapakia yote kumi.

Tulipofika katikati ya kilima punda akapiga magoti. Mkokoteni ukarudi nyuma na kumvuta, na ngozi ya goti lake la kushoto ikachunika juu ya mawe. Kijana akatia jiwe nyuma ya gurudumu, kisha akaanza kumchapa ili ainuke. Nami nilikuwa wapi? Nilikuwa hatua kumi nyuma yao, mwavuli mkononi, nikipaza sauti, "Mwinue! Mwinue, mvua yaja!"

Watu wakakusanyika, na wote wakamgeukia yule kijana. Mmoja alimwambia kwamba yeye ni mnyama kuliko mnyama wake. Mwingine akasema watu wa mikokoteni hawana utu. Wa tatu akatishia kwenda kumwita askari. Mimi nilinyamaza. Tena zaidi ya kunyamaza, nilitikisa kichwa kwa huzuni kama wao, kana kwamba nilikuwa mpita njia. Kijana akanitazama mara moja tu, akainamisha macho. Hakusema, "Huyu ndiye aliyekataa twende mara mbili." Hakuweza kusema, kwa kuwa alikuwa bado hajalipwa.

Mama mmoja mzee, aliyekuwa amebeba mzigo wa majani ya nepia mgongoni, ndiye peke yake asiyemlaumu mtu. Alitua mzigo wake, akaufungua ukanda wa kifuani mwa punda ili apate kupumua, kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, "Saruji hii ni ya nani?"

Ikanibidi kusema, "Ni yangu, mama."

"Basi ishushe, mwanangu," akasema.

Nikaanza kuishusha. Mfuko mmoja wa saruji ni kilo 50. Niliubeba wa kwanza begani hatua kama ishirini, nikauweka kando ya njia, na moyo ulikuwa ukinidunda kama ngoma. Hapo ndipo nilipoanza kufanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya dukani.

Hesabu yenyewe si ngumu, na kila mtu aliyefika darasa la nne aiweza. Punda wetu wa kawaida ana uzito wa kilo 150 hivi. Mifuko kumi ya saruji ni kilo 500, na hapo hatujauhesabu mkokoteni, ambao nao ni wa chuma na mbao. Basi nilikuwa nimemtwika mnyama yule zaidi ya mara tatu ya uzito wake. Ni kweli kwamba penye njia tambarare, na magurudumu yakiwa mazima, ardhi ndiyo ichukuayo mzigo na punda huuvuta tu. Kwa sababu hiyo mnyama mdogo aweza kusogeza kitu kizito kuliko yeye. Lakini kilimani mambo hubadilika, kwa kuwa sehemu ya uzito ule humrudia mvutaji mwenyewe. Na kama punda hana mkokoteni, bali abeba mgongoni, wataalamu hushauri kwamba mzigo usizidi theluthi ya uzito wake, yaani kilo 50 hivi. Watu wauzao maji mijini nao hawana budi kukumbuka kwamba jerikeni ishirini za lita 20 ni kilo 400, hata kama macho yamezizoea.

Mtu aweza kuuliza, "Ikiwa mzigo wamshinda, mbona halii?" Swali hili lina jibu, nalo yafaa lijulikane na kila afugaye. Punda ni mnyama aliyeumbwa kuficha maumivu. Babu zake waliishi katika nchi kavu zenye wanyama wakali, na yule aliyeonyesha udhaifu ndiye aliyeliwa kwanza. Kwa hiyo punda aweza kuwa na kidonda kinachofika mfupani naye akaendelea kutembea na kula, na mwenyewe akadhani ni mzima. Tena akiogopa hakimbii ovyo kama farasi, bali husimama imara mpaka aelewe kilicho mbele yake. Sisi twaiona hali hiyo tukaiita ukaidi, kisha tukaipiga kwa fimbo. Mara nyingi tumpigapo punda kwa ukaidi, twampiga kwa kuwa ana hofu au kwa kuwa ameumia.

Wala punda si mgeni katika nchi hizi. Ng'ombe wetu wa maziwa wa gredi walitoka katika mbegu iliyoletwa kwa meli kutoka Ulaya, lakini punda ni mwana wa bara hili. Wataalamu wa nasaba za wanyama walioeleza uchunguzi wao mwaka 2022 walionyesha kwamba punda wote wanaofugwa duniani wana asili moja, nao walianza kufugwa huku Afrika ya Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Kabla ya reli, kabla ya lori, kabla ya barabara kupewa jina la barabara, yeye alikuwa akibeba. Huko Lamu, ambako vichochoro ni vyembamba na magari hayapiti, mpaka leo punda ndiye abebaye mawe ya ujenzi, mchanga na unga, na wakati wa sherehe za Maulidi hushindanishwa mbio watu wakimshangilia. Mjini humo tangu mwaka 1987 iko hospitali ya punda, iliyoanzishwa na chama kimoja cha hisani cha Uingereza. Huko Mwea hubeba mpunga kutoka mashambani. Katika Ukambani na katika nchi ya Wamaasai huleta maji kutoka mbali, na pale aliposimama punda na jerikeni zake nne ndipo mgongo wa mama ulipopumzika.

Nimetaja mgongo wa mama kwa makusudi, maana tumeona kwa macho yetu ni nini hutokea punda akiondoka. Mwaka 2012 serikali yetu ilimwingiza punda katika orodha ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa kwa nyama. Kuanzia mwaka 2016 yakafunguliwa machinjio, moja baada ya jingine, katika Baringo, Naivasha, Machakos na Turkana. Nyama haikuwa ndiyo shabaha kubwa. Iliyotafutwa zaidi ilikuwa ngozi, ambayo huko China huchemshwa ili kutoa gundi iitwayo ejiao, itumikayo kama dawa na kitu cha urembo. Bei ya punda ikapanda, na penye bei kubwa mwizi hakosi. Watu waliamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa, kisha wakaikuta mizoga vichakani, imechunwa ngozi na kuachwa. Wataalamu wa utafiti wa mifugo wa serikali walihesabu kwamba tangu Aprili 2016 mpaka Desemba 2018 punda zaidi ya 300,000 walichinjwa katika machinjio hayo, nao wakaonya kwamba wanachinjwa upesi mno kuliko wanavyozaliwa. Hesabu ya watu na mifugo ya mwaka 2009 ilikuwa imepata punda zaidi ya milioni 1.8; ile ya mwaka 2019 ilipata kama milioni 1.2.

Kila mfugaji aweza kueleza sababu ya upungufu huo. Punda jike hubeba mimba kwa mwaka mzima hivi, naye huzaa mwana mmoja tu, tena mwana huyo hafai kazi nzito mpaka atimize miaka kama minne. Huwezi kumzalisha kama kuku ili kukidhi haja ya kiwanda.

Mwezi wa Februari 2020 Waziri wa Kilimo, Bwana Peter Munya, aliupiga marufuku uchinjaji huo. Mwezi wa Mei 2021 Mahakama Kuu ikaitengua amri yake. Kisha Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, waliokutana Addis Ababa, wakakubaliana kukomesha uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima kwa muda wa miaka 15. Lakini katika miaka ile ya katikati, nyumbani kwa wengi, maji hayakuacha kuhitajiwa kwa sababu punda ameibiwa. Wenye pesa walikodi pikipiki. Wasio nazo walirudi kwenye kamba ya kichwani, na binti aliyekuwa akienda shule mapema akaanza kufika darasa limekwisha kuanza. Basi asituambie mtu kwamba huruma kwa mnyama ni mchezo wa watu walioshiba.

Nasema hivi kwa sababu msomaji mmoja aliwahi kuniuliza, tulipokuwa tukizungumza habari hizi: "Watu wana njaa, wagonjwa hawana dawa, nawe wataka tulie kwa ajili ya punda?" Ni swali la haki, nami sitalidharau. Jibu langu la kwanza ni hilo nililokwisha kulitoa, kwamba katika nyumba ya maskini taabu ya punda na taabu ya watu ni kamba moja, ukivuta huku kule kunatikisika. Jibu langu la pili ni kwamba huruma si unga wa kibaba, hata ukimgawia mnyama kidogo mtu atapunjwa. Mimi sijaona mtu anayempiga mnyama wake bila kisa, kisha akawa mpole sana kwa mkewe na watoto wake. Mkono ni ule ule.

Wengine husema kwamba Mungu alimpa mwanadamu kuwatawala wanyama, na kwa hiyo mwenye mnyama ana ruhusa ya kutenda apendavyo. Sisi makarani twajua vizuri maana ya kupewa ufunguo wa ghala. Mtunza ghala ana mamlaka juu ya kila kitu kilichomo, tena aweza kukitoa na kukitumia kwa kazi iliyokusudiwa. Lakini siku ya ukaguzi huulizwa habari ya kila kimoja, hata msumari. Ufunguo haukumfanya kuwa mwenye mali, bali ulimfanya kuwa mwenye kuulizwa. Nami nasadiki kwamba utawala wetu juu ya wanyama ni wa namna hiyo.

Vitabu vitakatifu navyo havikunyamaza. Katika Torati imeamriwa kwamba ng'ombe apuraye nafaka asifungwe kinywa, kwa kuwa afanyaye kazi ana haki ya kuonja. Katika kitabu cha Kutoka twaambiwa kwamba mtu akimwona punda wa adui yake ameanguka chini ya mzigo, asipite, bali amsaidie. Tazameni jambo hilo. Ugomvi uliopo kati yako na jirani yako haukuhesabiwa kuwa udhuru, maana punda hakuingia katika kesi yenu. Katika Mithali twafundishwa kwamba mtu wa haki hujulikana hata kwa jinsi anavyoujali uhai wa mnyama wake. Nao ndugu zetu Waislamu hufundishwa katika hadithi za Mtume habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula, na habari za mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumteremkia kisimani mbwa mwenye kiu na kumtekea maji kwa kiatu chake. Hukumu ya mmoja na msamaha wa mwingine vilipimwa kwa kiumbe ambacho hakikuweza kutoa ushahidi.

Sheria ya nchi pia ipo. Tangu mwaka 1962 Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, nayo huhesabu kuwa kosa kumpiga mnyama kwa ukatili, kumpakia kupita kiasi, na kumfanyisha kazi akiwa mgonjwa au ameumia hata hafai. Lakini askari hawezi kusimama katika kila kilima. Pale asipokuwapo hubaki watu watatu: mwenye punda, mwendeshaji, na mwenye mzigo. Twapenda kumlaumu yule wa pili, kwa sababu yeye ndiye aonekanaye akishika fimbo. Huyo ndiye maskini kuliko wote watatu. Mara nyingi hata punda si wake, naye jioni hupeleka hesabu kwa tajiri. Akikataa mzigo, mzigo humwendea mwingine. Fimbo ilikuwa mkononi mwake, naam, lakini haraka ilikuwa yangu, na shilingi mia tatu zilizookolewa zilikuwa zangu. Simwondolei hatia yake. Nasema tu kwamba hatia ile yapasa igawanywe kwa haki, na fungu langu halikuwa dogo.

Basi, ili maneno haya yasiishie hewani, nitasema yanayowapasa wote watatu, kwa jinsi nilivyoelezwa na afisa wa mifugo nilipokwenda kumwuliza.

Kwanza, mwenye punda. Usimvike punda nira ya ng'ombe. Ng'ombe ana nundu na shingo nene za kusukumia nira, lakini punda hana. Nguvu zake zimo kifuani. Mtengenezee ukanda mpana wa kifuani, uliopambwa kwa gunia safi au blanketi kuukuu, wala usitumie kamba ya nailoni au ukanda wa mpira uliopasuliwa, maana huo hukata nyama. Punda afanyaye kazi ahitaji maji lita 15 hadi 25 kwa siku, na zaidi wakati wa jua kali. Ni aibu mnyama abebaye maji ya mtaa mzima kurudi nyumbani na kiu. Kwato zake zikatwe kila baada ya wiki sita hadi kumi, na dawa ya minyoo apewe kwa ushauri wa daktari wa mifugo. Punda aliyetunzwa aweza kuishi miaka 25 na zaidi. Huyu wetu wa mikokoteni mara nyingi huchakaa kabla ya kumi. Hata mtu asiyekuwa na huruma yo yote, ajuaye kuhesabu tu, aweza kuona hasara iko wapi.

Pili, mwendeshaji. Panga mzigo ili usiegemee mbele wala nyuma, maana mkokoteni ulioelemea mbele humkandamiza punda, na ulioelemea nyuma humnyanyua na kumkaba kwa mikanda. Jaza pumzi magurudumu. Kagua mgongo, kifua na miguu kila asubuhi kabla ya kufunga mikanda; penye kidonda pasiguswe na mkanda mpaka pamepona. Mpumzishe adhuhuri penye kivuli, tena mfungue. Na umpe siku moja katika juma, kama wewe mwenyewe unavyoitaka.

Tatu, mwenye mzigo, ambaye ni wewe na mimi. Hatuna cha kujifunza ila jambo moja. Mwendeshaji akisema, "Twende mara mbili," kubali, ulipe mara mbili. Akikosa kusema kwa sababu ya njaa yake, useme wewe. Usijadili bei ya kilima. Ukiona bei ya mtu mmoja ni nafuu kupita ya wenziwe wote, jiulize nani anayelipa tofauti, kwa maana hakuna kitu kinachobebwa bure duniani.

Sasa nimalizie habari yangu. Siku ile saruji ilifika kwa safari mbili, na mvua ikanyesha tukiwa njiani, na mifuko miwili ikaharibika. Nilimlipa kijana shilingi mia tatu tulizopatana, nikaenda zangu. Usiku sikupata usingizi mzuri, na haukuwa kwa ajili ya saruji. Baada ya juma moja na nusu nilikwenda kumtafuta mahali alipokuwa akikaa. Sikumkuta. Nikaelekezwa kwao, nikamkuta nyuma ya nyumba akimwosha punda goti kwa maji ya chumvi. Kwa siku kumi na moja hakuwa amefunga mkokoteni.

Nikamwambia nimekuja kulipa safari ya pili, na siku ambazo punda amekaa bila kazi. Alidhani namtania. Kisha akasema, "Mkubwa, mbona unilipe? Mimi ndiye niliyempiga." Nikamwambia, "Nawe ndiye uliyesema twende mara mbili." Akanyamaza kitambo, akiendelea kuosha. Halafu akaniuliza jambo ambalo sikulitazamia: kama naweza kupita dukani, pale walipokaa wale watu waliomwita mnyama, nikawaeleza. Alisema tangu siku ile watu wawili waliokuwa wakimpa kazi ya maji wameacha kumwita.

Wasomaji wapenzi, kulipa pesa kulikuwa rahisi. Kwenda dukani kulikuwa kuzito kuliko mfuko wa saruji. Nilikwenda jioni ile ile kabla ujasiri haujanitoka, nikawakuta wanne kati ya wale wa siku ile, nikawaeleza kwamba mifuko kumi ilikuwa amri yangu, na kwamba kijana alikataa kwanza. Mmoja akacheka. Mmoja akasema, "Wewe nawe, mtu wa ofisi!" Wengine wakanyamaza kama nilivyonyamaza mimi. Sijui walifikiri nini, lakini juma lililofuata niliona mkokoteni wa yule kijana umesimama tena mlangoni mwa mmoja wao, umepakiwa jerikeni kumi na mbili badala ya ishirini, na punda ana kitambaa kifuani.

Watu husema kwamba shukrani ya punda ni mateke. Yule wa Limuru hakunipiga teke, wala hakunishukuru. Alinitazama tu kwa macho yale yale aliyokuwa nayo alipokuwa amepiga magoti, kisha akaendelea kula majani. Hanijui kuwa ndimi niliyemwumiza. Mwenye kujua ni mimi, na nadhani hiyo ndiyo maana ya mtu kupewa akili na mnyama asipewe: kwamba mmoja wao abaki na hesabu.

Ile methali ya wazee sitaifuta, maana imekwisha kutufunza mengi. Lakini nitakapokodi mkokoteni tena nitaisema kwa namna yangu: Mzigo na ufike, na punda naye afike.